Maziwa Mazito

Kila tone la maziwa yangu lazima lipite kwenye kichujio cha kioo cha serikali, chenye vijifereji vyembamba kuliko unywele. Chembe kubwa za mafuta huingia kwenye chupa yao. Maji matupu hushuka kwenye mrija anaonyonyea mwanangu.

“Hizo kubwa ni za watoto wagonjwa, Mama Tumsifu,” alisema Dada Pendaeli, afisa aliyekuja kuchukua chupa.

“Na huyu mbavu zinahesabika, yeye si mgonjwa?”

“Sheria sikutunga mimi.”

“Basi nenda kamkamue aliyeitunga! Toka kwangu!”

Nilibamiza mlango, nikakipasua kile kioo sakafuni. Kisha nikampa Tumsifu titi, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Aligeuza uso. Akanyoosha shingo kuelekea kwenye vile vigae vya kioo, akilia, akiutafuta mrija wake.