Baiskeli ya Kuparazia Kimea

Kitendawili: kinatembea kutwa na hakijatoka uani. Umeshindwa? Basi nipe mji. Nilikwenda mji fulani, nikakuta baiskeli ya marehemu imegeuzwa mashine ya kuparazia kimea.

Aliyeigeuza ni mama yake marehemu, Bi Mbuke. Alikuwa ameinua gurudumu la nyuma juu ya matofali, akaliunga kwa mkanda na vigogo viwili vya kuzunguka vilivyokaribiana. Ulezi uliooteshwa ulipita katikati ukapasuka tu, maana ukiwa unga, pombe huwa uji.

Pombe ile ilikuwa ya kuondoa matanga. Siku hiyo mjane husema kama atabaki ukweni au atarudi kwao. Ukoo ulikwisha kumuuliza Nyamizi, mke wa marehemu, naye akainama tu.

"Mama, ukifika huko nisalimie," Nyamizi akamtania mama mkwe wake, aliyekuwa juu ya kiti cha baiskeli akikanyaga pedali.

Bi Mbuke akacheka, akazidi kukanyaga. Punje zilinyesha ndani ya ungo, naye akajiona yuko kwenye barabara nyeupe ya ukungu, na mwanawe, mdogo tena, amemshika kiuno.

"Kinu chataka wanawake wawili," akasema. "Hii naiweza peke yangu. Usije ukabaki kwa ajili ya mchi, mwanangu."

Alitamani abaki. Hakulisema hilo.

Nyamizi akachota kimea kiganjani, akakinusa kwa muda mrefu. Bi Mbuke akaacha kukanyaga, gurudumu likaendelea kuzunguka lenyewe, na vumbi tamu la ulezi likawafunika wote wawili.

"Nitarudi kwetu, mama," Nyamizi akasema.