Kahawa ya Kubeba

Sheria ilimruhusu kila anayenunua kahawa katika migahawa ya Tulizo kumzaba mhudumu kofi moja la nguvu. Ndiyo maana foleni hazikuisha. Wauza mitumba, walimu, hata wauguzi waliingia wamefura, wakatoka wakitabasamu.

Mwanaidi aliipenda Tulizo kuliko mumewe. Tangu wafungue tawi mtaani kwao, Mbwana hajamvunja jino jingine.

Jioni hiyo Mbwana aliingia mishipa ya shingo imemsimama, kikombe cha karatasi mkononi.

“Baba Zuwena, mbona hukunywea hukohuko?”

“Wahudumu wamegoma, mke wangu. Leo wanauza ya kubeba tu.”

Akapiga funda, akavua saa yake.

Mwanaidi akaenda kuufunga mlango wa chumba cha mtoto.