Ng'ombe Amzoee Fabian

Mapema Desemba, Fabian akiwa kwenye foleni ya magari Dar es Salaam, mama yake alimpigia simu kutoka Old Moshi akamtaka azungumze na ng'ombe.

"Nizungumze na nani, mama?"

"Na ng'ombe. Nimekuweka spika. Msalimie."

Fabian alipandisha vioo vya gari. "Habari yako," alisema.

"Mweleze na habari za huko."

Akaeleza habari za joto na foleni mpaka mama yake, Theodora, aliporidhika. Ng'ombe huyo akisikia sauti asiyoijua anabana maziwa, mama alisema, kwa hiyo lazima amzoee Fabian. Tangu hapo simu ikawa inapigwa kila asubuhi. Habari za Dar zilipomwishia, Fabian akaanza kumwimbia.

Mkewe, Dominika, hakucheka, kwa sababu naye alikuwa na lake. Kila Jumamosi mama mkwe alimpigia kwa video akitaka kumwona anapika mtori.

"Ndizi hazijapondeka hizo. Rudia."

"Lakini mama, Krismasi si tutakuwa kwako? Nani atathubutu kushika mwiko ukiwepo wewe?"

Theodora alisema mtandao unasumbua, ingawa sura yake ilionekana vizuri kabisa. Kisha akauliza, "Mkisafiri, funguo mnamwachia nani?"

"Mlinzi wetu, mzee Swaleh."

"Ni mtu wa kuelewana?"

"Sana, mama."

"Haya. Siku hizi wezi ni wengi."

Kule mlimani maandalizi yalipamba moto. Magodoro yalianikwa, kuni zikapangwa mpaka usawa wa dirisha, nyumba ikapakwa chokaa. Chokaa iliyobaki mzee Antoni, mume wa Theodora, aliichukua akaanza kuchora mishale. Mmoja aliuchora ukutani kuelekea bombani, mwingine kwenye mgomba kuelekea yalipo majani ya ng'ombe. Jirani yao Ndelilio alisimama uani akimtazama kwa huruma.

"Shemeji, umeanza kusahau njia za nyumbani kwako?"

"Bado," Antoni alisema, akachora mwingine wa kwenda chooni.

Ndelilio hakumaliza hata kufua nguo zake. Akampigia Fabian.

Wiki iliyofuata Antoni alishuka Kiboriloni kwa fundi Rajabu, ambaye kila Desemba alikuwa akiwashonea suti wazee wa mlimani.

"Shikamoo, mzee. Ya rangi gani mwaka huu?"

"Marahaba. Mwaka huu nataka kaptula. Na shati la mikono mifupi, kitambaa cha kupitisha hewa."

Rajabu alichungulia nje. Mvua ilikuwa inanyesha, na Antoni mwenyewe alikuwa amevaa koti juu ya sweta.

"Mzee, kwa baridi ya huko juu utaugua kifua."

"Kwa huko juu nitaugua," Antoni alikubali. "Wewe pima."

Alipoijaribu kaptula hiyo uani kwake, akitembea taratibu kutoka zizini mpaka jikoni, Ndelilio alikuwa anamwona kupitia kwenye migomba. Habari ikafika Dar kabla Antoni hajaivua.

Usiku ule Fabian hakupata usingizi. Asubuhi aliwapigia wadogo zake mmoja mmoja.

"Wazee wetu wanachanganyikiwa. Baba anajichorea njia ya chooni, halafu anatembea na kaptula kwenye baridi. Mama ananiunganisha na ng'ombe kila siku. Tukifika tukae kikao, hawawezi kuendelea kuishi peke yao. Mwaka huu asikosekane mtu."

Mdogo wake wa mwisho alilia kwenye simu. Wote wakakubali.

"Mtakuja wote?" Theodora aliuliza alipoambiwa. "Hata wakwe?"

"Wote, mama. Tumewakumbuka sana."

"Mungu ni mwema," Theodora alisema.

Alipokata simu alipanguza vumbi kwenye picha ya sebuleni, iliyopigwa mbele ya nyumba Krismasi iliyopita. Watoto wote walikuwamo, wakwe wote, wajukuu wote, hata mbuzi, akiwa tayari nusu yake iko jikoni. Theodora wakati huo alikuwa kwenye moshi, anageuza nyama. Antoni alikuwa amekwenda kukata majani. Picha hiyo ilitumwa kwa ndugu wote ikiwa imeandikwa "familia nzima", na hakuna aliyeuliza kitu.

Siku ya safari, Fabian na Dominika walitoka Dar alfajiri, watoto wamelala viti vya nyuma, magari ya wadogo zake yakiwafuata. Mombo wakasimama kula. Upande wa kwenda Moshi magari yalikuwa yamebanana mpaka barabarani. Upande wa pili yalikuwa machache, nayo yamebeba watu wa kuhesabika. Fabian, paja la kuku mkononi na moyo mzito, akapiga simu nyumbani.

"Shikamoo, mama. Tuko Mombo, tunakula. Mmejiandaa?"

"Marahaba, mwanangu. Tumejiandaa vizuri sana. Nyumba ni safi, pombe ya mbege ipo, mbuzi amefungwa nyuma ya jiko."

"Baba yuko wapi?"

"Niko naye hapa."

"Mama, nakuomba. Asitoke nje mpaka tufike. Anaweza kupotea."

"Hatoki, nimemshika," Theodora alisema, akimtazama Fabian ng'ambo ya barabara kupitia dirisha la basi la kwenda Dar es Salaam, na kwa mkono wake mwingine akakikandamiza kichwa cha mumewe chini ya dirisha.