Maji Yamerudi

Fundi bomba alipiga magoti ndani ya mtaro, akachungulia. Bomba la majitaka lilikuwa limepasuka, na uchafu wake ulichuruzika moja kwa moja kwenye ufa wa bomba la maji safi lililolala chini yake.

Papo hapo bomba lile la chini likatetemeka. Maji yaliyokatika juma zima yalikuwa yakirudi, yakiusomba uchafu wote kuelekea majumbani.

Akaliwahi gurudumu la koki ya kufungia maji ya mtaa mzima. Likazunguka bure, kwa maana kutu ilikuwa imeshayala meno yake. Akalizungusha tena na tena mpaka kiganja kikachubuka.

Jirani akapita na ndoo ya maji kichwani. "Fundi, Mungu akubariki! Tulikuwa tunaumbuka!"

"Yamwage, mama! Yana kinyesi!"

"Wewe na mizaha yako," akacheka, akaongeza mwendo.

Fundi akampigia mkewe simu kwa mikono iliyojaa tope.

"Mama watoto, funga bomba. Maji hayafai, usimpe mtu."

"Juma zima tunayalilia, leo yamekuja wewe unayafukuza?"

"Nakuomba, mke wangu. Yameingiwa na uchafu wa choo. Funga!"

Kwenye simu, fundi akamsikia binti yao wa mwisho akigugumia kikombe cha maji, akivuta pumzi, akigugumia tena.

"Mama," mtoto akasema, "niongeze."