Mkubwa Hakuwepo

Kidole cha bosi kilikuwa juu ya kitufe cha kukubali pale Arinola, fundi wake, alipopaza sauti: "Subiri!"

Studio yao pale Ibadan ilihifadhi kila rekodi kwenye diski mbili pacha, ili moja ikifa nyingine ibaki. Bosi aliziita Taiwo na Kehinde. Mwezi uliopita alimchomoa Kehinde, akampeleka kanisani kuombewa. Leo amemrudisha, na kompyuta inauliza nani amfuate mwenzake, yaani afutwe na kunakili yaliyomo kwa mwenzake.

"Taiwo amfuate Kehinde," alisema bosi. "Kwetu pacha wa pili kuzaliwa ndiye mkubwa. Wewe Myoruba wa wapi?"

"Mkubwa sawa, lakini hakuwepo. Ukibonyeza, yote aliyoyarekodi Taiwo peke yake yanafutika."

"Yapi hayo? Mimi nilikuwa Lagos, studio imelala."

Arinola alifungua rekodi moja ya Taiwo, akaongeza sauti ya spika.

Kwenye spika, mama yake bosi, aliyekuja kurekodi bosi akiwa Lagos na waliyemzika juzi, alikuwa akimwimbia mwanawe sifa za ukoo, akikohoa, akicheka, akimtaja kwa jina.

Bosi aliganda. Kidole chake bado kilikuwa juu ya kitufe.

"Arinola, dada yangu," alinong'ona, "niondolee mkono huu. Polepole."