Mstari Usio na Kosa

"Skrini ni kijani tupu," mwenzake wa zamu alisema, akinyoosha miguu chini ya meza. "Leo mitambo ya hospitali imelala kama mtoto aliyeshiba. Hakuna kosa hata moja."

Fundi wa mtandao hakucheka. Alisogeza uso mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye skrini. Kati ya programu zote ndogo ndogo zinazoulizana humo, ile ya kuwaonya wauguzi kuhusu dawa zinazomdhuru mgonjwa haikuwa na kosa, kweli. Lakini haikuwa na swali pia. Tangu asubuhi, alipobadilisha njia za mawasiliano kati ya programu hizo kwa mkono wake mwenyewe, hakuna programu iliyoiuliza chochote.

Mdogo wake alikuwa wodini, na penisilini ilishawahi kumfunga koo nusura afe.

"Rudisha njia ya zamani!" alimfokea mwenzake, huku akipiga simu wodini.

Muuguzi alipokea, akaulizwa mgonjwa amepewa dawa gani, akajibu kwa uchangamfu. "Dada, ondoa wasiwasi. Tumeshamdunga penisilini, kompyuta haikukataa, na sasa mdogo wako ametulia kabisa."

"Ametulia vipi?"

Upande wa pili kiti kiliburuzwa, kisha viatu vikaanza kukimbia.