Bunduki ya Dola Mia Nne

Jumanne ya pili ya Oktoba, saa nne asubuhi, Denver Stamper hakuja kwenye duka la bunduki la kaka yake, Verlin, kunywa naye kahawa. Verlin alimngoja, kisha akaenda kumtafuta. Alimkuta ghalani, ameshakufa. Bunduki iliyokuwa kando yake Verlin ndiye aliyemuuzia, siku nne kabla. Denver alikuwa na dola mia tatu tu. Verlin alimpunguzia bei, wakacheka. Hakumuuliza kwa nini mikono ilikuwa inamtetemeka.

Polisi walipoirudisha, aliisukuma chini ya meza ya duka, nyuma ya makasha ya risasi. Hakuiuza, hakuivunja. Jumanne wateja hawaji, na Verlin alianza kuipenda Jumanne kwa sababu hiyo.

Ndipo Hobart Combs alipoanza kuja. Alikuwa amefanya kazi mgodini pamoja na Denver, na mkewe Opal alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyopita. Alifika Jumanne, saa nne kamili, na chupa ya kahawa na mkate wa mahindi.

"Nataka bunduki ya kujipakia risasi yenyewe," alisema. "Mbweha wananimalizia kuku. Nina dola mia nne, usinikamue."

"Kwa mia nne, mzee, nitakuuzia manati."

"Basi nionyeshe manati yenye magazini ya risasi."

Verlin alipanga bunduki tatu mezani. Wiki ile ile alikuwa amepita kwa Hobart, akaona banda la kuku limeanguka mlango, tupu tangu Opal afe. Mgane, yuko peke yake, anadanganya kuhusu kuku, anataka bunduki ya bei rahisi.

Safari hii hatauza.

"Hii nzito kwa bega lako," alisema. "Na hii hukwama kukiwa na baridi." Ulikuwa uongo mtupu.

Hobart naye alizitafutia bunduki hizo kasoro: kitako kifupi, darubini imechubuka, rangi kama ya chura. Walibishana hadi saa sita. Kisha Hobart akavaa koti.

"Niwekee mpaka Jumanne. Na ile ya chini ya meza, bei gani?"

"Ile haiuzwi."

"Haya. Kula mkate, umekonda kama ufito."

Ikawa hivyo wiki tisa. Dola mia nne hazikuongezeka, na kila Jumanne Verlin alimshukuru Mungu kwa kutouza kitu.

"Namchelewesha tu," alimwambia mkewe, Garnet. "Mmoja nilimpa bunduki kwa mkono wangu. Sitamzika mwingine."

Garnet aliendelea kukunja nguo. "Mcheleweshe," alisema. "Usikose hata Jumanne moja."

Jumanne ya kumi Hobart alisahau miwani yake mezani. Verlin aliitazama, na hofu ikamshika. Mtu anayejua atarudi nyumbani kusoma gazeti hasahau miwani. Alifunga duka, akaendesha gari mbio kupanda kilima.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Aliita, akaingia. Kisha akasikia shoka nyuma ya nyumba, likipasua kuni taratibu, na Hobart akiimba vibaya.

Verlin aliweka miwani kwenye meza ya jikoni. Alipogeuka, aliliona kabati la kioo pembeni. Ndani yake zilisimama bunduki sita, zimepakwa mafuta vizuri. Mbili zilikuwa za aina ile ile aliyosema ni nzito kwa bega la Hobart.

Na kwenye mlango wa friji, chini ya sumaku, palikuwa na karatasi. Mwandiko ule alikuwa ameusoma kwenye orodha za sokoni kwa miaka thelathini na minne.

"Hobart, Jumanne ndiyo mbaya. Saa nne hadi saa sita. Tafadhali Verlin asikae peke yake na ile bunduki. Garnet."

Siku hizi kabati la Hobart lina bunduki saba, pamoja na ile iliyokuwa chini ya meza, na kila Jumanne, saa nne, Verlin hutoa vikombe viwili.